Sefti ya Mkono au Sefti ya Traga: Silaha za Mkononi Kaskazini mwa Ziwa Nyasa

Gobori lina sefti moja tu, nayo imejificha ndani ya mtambo. Mwindaji akiinua nyundo kidogo kwa dole gumba husikia mlio mmoja: nyundo imenasa kwenye pengo la kwanza, lililochongwa kwa kina makusudi, hata traga ikivutwa haliachii. Akiinua tena anasikia mlio wa pili, na hapo bunduki iko tayari kulia. Mtu anayetembea na gobori lililoshindiliwa, fataki ikiwa juu ya chuchu yake, ameyakabidhi maisha yake na ya aliye mbele yake kwa pengo lile la kwanza. Chuma kikizeeka, kingo za pengo hulika. Ikafika siku nyundo ikakwaruzwa na kichaka, au bunduki ikaanguka kitako chini, ikateleza na kugonga fataki bila kidole cha mtu kugusa popote.

Wenye leseni za bastola siku hizi hubishana juu ya sefti. Wapo wanaotaka ile ya kusukuma kwa dole gumba, yenye swichi yake ubavuni, na wapo wanaoipenda ile iliyomo ndani ya traga yenyewe, inayofunguka kidole kinapovuta. Ubishi huu unasemwa kana kwamba uliingia nchini pamoja na bastola ya Glock. Kwenye mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, kuanzia mdomo wa Mto Songwe, kupita Mwaya na Itungi hadi Matema na Ikombe, una umri wa zaidi ya miaka 130, na mto wa Songwe wenyewe uliwahi kuwa mpaka kati ya majeshi mawili yaliyolijibu swali hili kwa namna mbili tofauti.

Bunduki ziliufikia mwambao huu kwa njia mbili: kwa misafara ya pembe na watumwa iliyotoka pwani, na kwa vyombo vya Waskochi vilivyopanda mito ya Zambezi na Shire hadi ziwani. Katika miaka ya 1880 bunduki zilizoingia bara kupitia pwani ya Afrika Mashariki zilikadiriwa kuwa kati ya 80,000 na 100,000 kwa mwaka. Nyingi zilikuwa bunduki za kushindilia kwa mdeki ambazo majeshi ya Ulaya yalikuwa yameshazitupa baada ya kupata zinazojazwa kwa nyuma. Zilikuja zikiwa zimetumika, mitambo imelegea, na nyingine pengo la kwanza limeshalika kabla hazijavuka Bahari ya Hindi.

Wanyakyusa, wenyeji wa mwambao huu, hawakuwa watu wa bunduki. Vita vyao vilikuwa vya mkuki na ngao. Lakini kusini mwa Songwe, Karonga, mfanyabiashara wa Kiswahili Mlozi bin Kazbadema alikuwa amejenga maboma yake na kuwakusanya wafuasi wenye bunduki. Oktoba 1887 watu wake waliwaua Wangonde wengi kwenye matete ya Kambwe, karibu na ziwa. Kampuni ya Kiskochi ya African Lakes ilijikuta vitani, na wapiganaji kutoka kaskazini ya Songwe waliitwa kuisaidia. Juni 1888 Kapteni Frederick Lugard, aliyekuja kuongoza upande wa kampuni, alishambulia boma na kupigwa risasi iliyomjeruhi mikono yote miwili. Mapatano yalifikiwa mwaka 1889, lakini hayakudumu. Desemba 1895 Harry Johnston, mtawala wa Kiingereza, alikuja na jeshi, Mlozi akakamatwa na kunyongwa.

Katikati ya hayo kuna siku mbili ambazo, kwa maoni yangu, ziliamua nani angeshika silaha gani kandokando ya ziwa hili kwa nusu karne iliyofuata. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kugawana maeneo, na Songwe ikawa mpaka. Kesho yake, tarehe 2 Julai, Mkataba wa Brussels dhidi ya biashara ya watumwa ulitiwa saini, nao ukapiga marufuku kuingiza silaha za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika. Bunduki ya gumegume isiyo na mistari ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida, ndiyo iliyoachiwa nafasi ya kuuzwa kwa Mwafrika, tena chini ya udhibiti. Lengo la kuzuia silaha za wafanyabiashara wa watumwa lilikuwa jema. Matokeo yake kwa mtu wa kawaida ni kwamba teknolojia ya usalama wa bunduki ilisonga mbele Ulaya huku yeye akibaki na mtambo wa zama za babu wa babu yake. Mafundi wa vijijini walipoanza kufua magobori yao wenyewe, waliiga walichokiona, na sefti waliyoiiga ni lile pengo la kwanza.

Wajerumani walifika ziwani mwaka 1893 na msafara wa Hermann von Wissmann. Meli yenye jina lake ililetwa vipande vipande kupitia Zambezi na Shire na kuunganishwa huku juu, na kituo cha Langenburg kikajengwa Lumbila, chini ya milima ya Livingstone, kabla makao hayajahamishiwa mlimani, mahali tunapopaita Tukuyu. Wamisionari walikuwa wametangulia tangu 1891: Wamoravian Rungwe, na watu wa Misheni ya Berlin upande wa mashariki.

Ofisa wa Kijerumani wa wakati ule alijua bastola ya kijeshi ya mwaka 1879, au ile fupi zaidi ya 1883 iliyotengenezwa kwa ajili ya maofisa. Ilikuwa bastola ya gurudumu, yenye risasi sita za milimita 10.6. Kila mara kabla ya kupiga, nyundo ilivutwa nyuma kwa dole gumba, maana traga haikuwa na uwezo wa kuinyanyua. Pamoja na hayo, jeshi lilitaka usalama juu ya usalama: upande wa kushoto iliwekwa swichi ya sefti. Kwa hiyo, mbali na kuvuta nyundo, ofisa alipaswa kukumbuka kusukuma swichi. Hakuna bastola nyingine ya gurudumu ya enzi zile inayoonyesha wazi kama hiyo fikra ya jeshi lisilokiamini kidole cha askari wake.

Ng'ambo ya Songwe, Waingereza walishika Webley, iliyoingia jeshini mwaka 1887, mwaka uleule vita vya Karonga vilipoanza. Webley haina swichi yoyote. Usalama wake uko katika uzito wa traga: ukiivuta bila kukoki kwanza, kidole kinafanya kazi ya kuinua nyundo, kulizungusha gurudumu na kuachia, kwa mvuto mrefu na mzito ambao mtu hawezi kuufanya bila kujua anafanya nini. Ofisa wa Kiingereza aliichomoa kwenye ala yake ya ngozi na kupiga, bila hatua ya pili.

Mto mmoja, basi, na majibu mawili. Kaskazini, sefti ilikuwa swichi ya kusukumwa. Kusini, ilikuwa mvuto wa traga. Yote mengine yaliyofuata hadi leo ni matawi ya mti huo.

Mambo yalibadilika bastola ilipojifunza kujijaza yenyewe. Bastola ya gurudumu baada ya kupiga hulala. Nyundo yake iko chini mpaka iinuliwe tena. Bastola ya magazini hujikoki kila risasi inapotoka. Mtu akipiga mara moja kisha akairudisha kiunoni, anairudisha ikiwa imejaa, imekokiwa na traga yake ni nyepesi. Hapo swichi ya sefti ilikuwa na kazi ya kweli. Jeshi la Ujerumani lilipochukua Luger mwaka 1908, swichi ilikuwa nyuma upande wa kushoto. Ikivutwa nyuma na chini, neno la Kijerumani la kusema silaha imefungwa lilionekana limechorwa kwenye chuma. Mtu angeweza kulisoma kabla ya kuiweka mezani.

Vita Kuu ilianza ziwani mapema kuliko sehemu nyingi za Afrika. Agosti 13, 1914, Kamanda Rhoades wa meli ya Kiingereza Gwendolen aliipiga kwa mzinga meli ya Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen. Nahodha wake wa Kijerumani, mtu aliyezoeana na Rhoades, hakuwa na habari kwamba nchi zao zimeanza kupigana, akachukuliwa mateka. Septemba 9 mwaka huohuo kikosi cha Wajerumani kilichovuka Songwe kilishindwa Karonga. Mei 1916 Jenerali Edward Northey alivuka mpaka kutoka kusini, na kabla ya mwezi kwisha Tukuyu ilikuwa mikononi mwa Waingereza.

Askari wa Kiafrika wa pande zote mbili ndio waliobeba uzito wa vita hivyo, nao walikuwa na elimu kubwa zaidi ya sefti kuliko raia yeyote wa mwambao huu kabla yao. Vita vilipoanza, makampuni mengi ya jeshi la Wajerumani huku yalikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871, ya risasi mojamoja, yenye baruti iliyotoa wingu la moshi na kumwonyesha adui mahali pa kulenga. Nyuma ya komeo lake palikuwa na bawa la chuma la kugeuza. Kwenye Mauser mpya ya 1898 bawa hilo lilikuwa na hatua tatu: likilala kushoto bunduki inapiga, likisimama wima haipigi, ila komeo linafunguka, likilala kulia, kila kitu kimefungwa. Lile la kusimama wima lilikuwa akili kubwa sana, kwa sababu lilimruhusu askari kutoa risasi chembani huku sefti ikiwa bado inafanya kazi. Ajali nyingi za bunduki hutokea wakati wa kuitoa risasi, na fundi aliyelifikiria hilo aliokoa watu wengi kuliko tunavyoweza kuhesabu.

Waingereza wakawa watawala wa Tanganyika, Webley ikavuka Songwe pamoja nao, na leseni ikawa karatasi ya wachache. Napita haraka miaka hiyo kwa sababu kwa mtu wa Kyela, wilaya ya mwambao huu wa kaskazini, bastola ilikuwa kitu cha kiunoni mwa ofisa, basi.

Huko nje, hata hivyo, ubishi uliendelea. Jeshi la Marekani lilipokuwa likichagua bastola iliyokuja kuwa M1911, askari wapanda farasi walitaka namna ya kuifunga kwa mkono mmoja, kwa kuwa mkono mwingine ulishika hatamu. John Browning akaongeza swichi ya dole gumba juu ya sefti iliyokuwapo tayari kwenye mpini. Swichi yake hupanda juu kufunga na kushuka chini kufungua. Dole gumba linaposhuka wakati wa kushika mpini, linafungua lenyewe. Browning ya magazini kubwa, iliyotoka kiwandani Ubelgiji mwaka 1935 na kuenea katika majeshi ya Jumuiya ya Madola, ilifuata mwelekeo huohuo. Warusi walienda njia nyingine: Tokarev yao ya miaka ya 1930, ambayo Wachina waliinakili na kuisambaza sana Afrika baada ya uhuru, haikuwekewa swichi kabisa. Ilitegemea nyundo kunasa nusu njia, kama gobori! Walipoileta Makarov mwaka 1951 walirudisha swichi, safari hii ikiwa kwenye sehemu ya juu inayoteleza, nayo hupanda juu kufunga. Walther na Beretta nyingi zenye swichi hapohapo hushuka chini kufunga.

Hapa pana jambo linalostahili kusimamiwa. Mtu aliyezoea Browning, ambaye chini ni kufungua, akipewa Beretta ya aina hiyo, atashusha swichi akidhani anafungua kumbe anafunga. Atavuta traga na hakuna kitakachotokea. Mbaya zaidi ni kinyume chake: aliyezoea Beretta akipokea Browning ya mwenzake, ataishusha swichi kwa nia ya kuifunga, na kuitia kiunoni ikiwa wazi. Sefti ya mkono inafanya kazi kwa mazoea ya dole gumba, na mazoea hayahami kutoka silaha moja hadi nyingine bila kufundishwa upya.

Ndipo ikaja Glock. Gaston Glock wa Austria hakuwa mtu wa bastola kabla ya hapo, na labda ndiyo maana hakufungwa na desturi. Jeshi la Austria liliichukua bastola yake mwaka 1982. Hakuna swichi ubavuni. Katikati ya traga kuna kijulimi chembamba cha plastiki kinachochomoza mbele. Kisipobonyezwa, traga hairudi nyuma. Ndani kuna sefti nyingine mbili, moja ikizuia sindano isifike kwenye risasi na nyingine ikilinda silaha inapodondoka. Zote tatu hufunguka kwa mvuto mmoja wa kidole na kujifunga kidole kikiachia. Wazo la kuweka kijulimi ndani ya traga lenyewe ni la zamani. Kampuni ya Iver Johnson ya Marekani ilishaliuza kwenye bastola zake za gurudumu miongo mingi kabla ya hapo.

Wengi huelewa vibaya kazi ya kijulimi hicho. Hakikuwekwa kuzuia kitu kinachovuta traga. Kimewekwa ili traga isijisukume yenyewe kwa uzito wake silaha inapoanguka na kugonga chini kwa nyuma. Umuhimu wake ulionekana mwaka 2017, ilipogundulika kwamba SIG P320, ambayo haina kijulimi cha namna hiyo, ingeweza kufyatuka ikidondoka kwa pembe fulani, na kampuni ikalazimika kutoa marekebisho, ikiwemo traga nyepesi zaidi. Kwa ajali ya kuanguka, basi, sefti ya traga ni kinga nzuri. Lakini kamba ya jaketi ikiingia ndani ya ulinzi wa traga, au ala ya ngozi iliyochakaa ikijikunja, inabonyeza kijulimi na traga kwa pamoja vilevile kama kidole. Bastola haijui tofauti. Ndiyo sababu polisi wa New York, walipoacha bastola za gurudumu mwaka 1993, walitaka Glock zao ziwe na traga nzito ya karibu kilo tano na nusu, zaidi ya mara mbili ya kawaida. Walirudi kwenye jibu la Webley bila kulitaja.

Majeshi makubwa yenyewe hayajakubaliana. Mwaka 2013 Uingereza iliiacha Browning yenye swichi na kuchukua Glock 17. Mwaka 2017 Marekani ilichagua bastola mpya ya SIG na kuiwekea swichi ya mkono. Wataalamu wa nchi hizo mbili, wakiwa na swali lilelile, walifika pande mbili za mto.

Sasa turudi Kyela. Hapa mwenye kuomba leseni ya bastola kwa kawaida ni mtu wa fedha taslimu: mnunuzi wa mpunga au kakao, mwenye duka la jumla, au anayeshughulika na mizigo ya mpakani Kasumulu. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka awe na leseni, na leseni hiyo haimvushi daraja la Songwe kuingia Malawi na silaha yake. Mtu huyu hufyatua risasi kwa nadra sana, pengine hajawahi hata mara moja nje ya uwanja wa kulenga shabaha. Lakini kila siku anaivaa asubuhi, anaivua usiku, anakaa nayo kwenye kiti cha Noah akiwa amebanwa na watu wawili, anapanda bodaboda, anainama kukagua magunia, anajisaidia, na anaiweka chumbani mahali ambapo watoto wanapita. Hatari yake kubwa iko katika kuishikashika, wala si katika kuchelewa kupiga.

Ongeza hali ya hewa. Kyela ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa nchini. Joto la ziwani na jasho la kiunoni hula chuma kisichopakwa mafuta. Swichi ya sefti iliyoota kutu huwa nzito, na mtu huiacha wazi kwa sababu ya uzembe. Mchanga wa Matema nao ukijaa pembeni ya kijulimi cha traga unaweza kukizuia kisirudi mahali pake, sefti ikabaki imebonyezwa. Aina zote mbili zinataka kitambaa, mafuta na macho ya mwenye nayo, si mara moja kwa mwaka siku ya kulipia leseni.

Kwa mtu wa aina hiyo ninachagua sefti ya mkono, bila kusita. Askari polisi anayefanya mazoezi mara kwa mara, aliyevaa ala ngumu nje ya nguo, ana sababu nzuri za kutaka bastola isiyo na swichi: hatasahau kuifungua mtu akimjia na panga. Mfanyabiashara hana mazoezi hayo. Nusu sekunde anayoipoteza dole gumba likifungua swichi ni bei ndogo ukilinganisha na miaka mingi ya kuivaa na kuivua. Achague mwelekeo mmoja, juu kufunga au chini kufunga, na asihamie silaha ya mwelekeo mwingine kabla mkono wake haujafundishwa upya. Na akiivua nyumbani, atoe magazini kwanza, kisha avute sehemu ya juu na kuangalia chemba kwa macho yake. Watu wengi hufanya kinyume, wakaitoa risasi ya chembani na kuacha magazini iingize nyingine.

Anayependa sefti ya traga hakosei, mradi kila sehemu ya traga iwe imefunikwa na ala ngumu isiyojikunja, iliyotengenezwa kwa bastola hiyohiyo, na mradi asiichomeke kamwe kwenye mkanda wa suruali au mfuko wa koti bila ala. Bei ya ala hiyo iingizwe kwenye hesabu tangu siku ya kwanza. Asiyekuwa tayari kuinunua, asiombe leseni.